BUCHA YA KIJIJI: MIZANI IANZE KWENYE SIFURI

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na wanakikundi wenye bucha mbele ya wahitimu wa kisomo.)



Tunashukuru kwa kutualika. Mmetuomba tuwaeleze jinsi bucha ya kijiji inavyoanzishwa na inavyoendeshwa. Tumekubali kwa furaha. Lakini tuseme mapema: hatukuja hapa kama wataalamu. Sisi ni wakulima na wafugaji wa wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Tuko wanane, wanaume watano na wanawake watatu. Wote tulijifunza kusoma na kuandika ukubwani, kama ninyi. Tutawaeleza tuliyoyafanya, mazuri na mabaya. Mabaya ndiyo yaliyotufundisha zaidi.

KWA NINI TULITAKA BUCHA

Zamani kijijini kwetu hapakuwa na bucha. Mtu akitaka fedha alichinja ng'ombe wake chini ya mti. Nyama ilikatwa ikapangwa mafungu mafungu juu ya majani. Ulitazama fungu kwa macho, ukalipa, ukaondoka. Mwenye macho makali alipata nyama. Mwenye haya alipata mifupa. Na hakuna aliyeuliza kama yule ng'ombe alichinjwa au alikufa.

Wazee wenzetu mnakumbuka mwaka 2007. Homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini, na mkoa wetu wa Dodoma ulipigwa sana. Ugonjwa huu hukaa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mtu huupata akiumwa na mbu, au akishika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Katika Tanzania walikufa watu zaidi ya 100. Siku zile hata mwenye nyama nzuri hakupata mnunuzi. Tangu hapo watu wakaanza kuuliza: "Nyama hii imetoka wapi? Nani ameikagua?"

Kikundi chetu kilianza miaka mingi baadaye, lakini swali lilikuwa lile lile. Tulitaka bucha yenye jibu.

ANZA KWA KUHESABU WALAJI

Kosa la kwanza la mwenye bucha ni kuchinja kabla ya kuhesabu walaji. Nyama si mahindi. Mahindi yasiponunuliwa leo utayauza mwezi ujao. Nyama isiponunuliwa leo, kesho inanuka.

Tulichukua daftari tukapita nyumba kwa nyumba. Tuliuliza maswali matatu tu. Mnakula nyama mara ngapi kwa wiki? Mnanunua kiasi gani? Siku gani mna fedha? Majibu yalitushangaza. Tulidhani tutachinja ng'ombe kila siku. Kumbe watu wengi hununua nusu kilo, tena mara moja kwa wiki, siku ya mnada. Siku nyingine wanataka robo ya maini, au kuku mmoja mgeni akija.

Basi tukaanza na mbuzi mmoja, siku ya Jumamosi. Mbuzi wetu wa kienyeji hutoa nyama kilo 10 hadi 12 hivi. Ikaisha kabla ya adhuhuri. Baada ya miezi mitatu ndipo tukaanza kuchinja ng'ombe mmoja kila siku ya mnada. Mpaka leo hatujazidisha. Afadhali mteja akute nyama imekwisha kuliko akute nyama ya jana.

CHUMBA CHA KUOSHWA

Chumba cha bucha si lazima kiwe kikubwa. Chetu ni hatua tano kwa nne. Jambo la kukumbuka ni hili: kila kitu ndani ya bucha kiwe cha kuoshwa. Sakafu yetu ni ya saruji laini, nayo ina mteremko kidogo ili maji yatoke yote. Kuta zina vigae vyeupe. Uchafu ukiwapo unauona. Madirisha na mlango vina wavu wa kuzuia nzi. Nyama inaning'inia kwenye ndoano za chuma kisichoshika kutu, wala haigusi ukuta. Mbele ya nyama tumeweka kioo. Mteja aone, asishike.

Mwanzoni tulikuwa na gogo na shoka, kama bucha tulizokuwa tumeziona. Mkaguzi akatuambia tuondoe. Tulinung'unika, maana gogo lile tulilinunua kwa fedha. Mkaguzi hakugombana nasi. Alichukua kisu, akakwangua ndani ya nyufa za gogo, akatunusisha. Jamani, ile harufu! Gogo hunywa damu, na hata ukilisugua halitakati ndani. Shoka nalo huponda mfupa, mteja akatafuna vipande vyake. Siku hizi tunatumia msumeno wa mkono wa kukatia mifupa, na ubao wa plastiki ngumu unaooshwa kwa maji ya moto na sabuni.

Jambo jingine: anayekata nyama hashiki fedha. Noti imepita mikono mingi, na mingine hujui imetoka wapi. Kwetu mmoja anakata, mwingine anapokea fedha na kuandika. Kwa njia hii nyama inakuwa safi, na hesabu nayo inakuwa safi.

Na nyama ya kupeleka nyumbani tuifungie nini? Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Tunawaomba wateja waje na vyombo vyao. Lakini msituletee gazeti. Gazeti ni la kusoma, ndugu zetu. Wino wake hauliwi.

KARATASI ZA SERIKALI

Nchi yetu ina Sheria ya Nyama ya mwaka 2006. Ndiyo iliyounda Bodi ya Nyama. Mwenye bucha anatakiwa asajiliwe, tena awe na leseni ya biashara ya halmashauri. Bwana afya anakagua chumba. Wauzaji wanapimwa afya zao na kupewa vyeti. Mizani nayo inakaguliwa na Wakala wa Vipimo na kugongwa muhuri kila mwaka.

Mambo haya yanachosha, hatuwafichi. Tulikwenda wilayani mara nne. Lakini fomu tulijaza wenyewe, hatukumlipa mtu wa kutuandikia. Mmoja wetu alitia sahihi yake kwa mara ya kwanza mbele ya ofisa. Zamani angetia dole gumba. Tulitoka pale tumejaa furaha, tukasahau hata njaa.

MNYAMA MPAKA NDOANO

Tunanunua ng'ombe mnadani. Tunamtazama macho, pua na miguu. Tunamtembeza. Kisha tunauliza: "Amechomwa sindano lini?" Dawa za mifugo hukaa mwilini mwa mnyama siku kadhaa, nyingine wiki kadhaa. Nani anataka kula dawa asiyoandikiwa na daktari? Kwenye chupa ya dawa imeandikwa siku za kungoja kabla ya kuchinja. Hapo ndipo kisomo kinapofanya kazi. Soma chupa.

Kabla ya kuchinjwa mnyama anapumzika siku moja. Anapewa maji, lakini hapewi majani. Mnyama aliyechoka au aliyepigwa sana, nyama yake huwa nyeusi, na huharibika upesi. Mkaguzi anamtazama kwanza akiwa hai. Kisha anachinjwa machinjioni, si nyuma ya bucha. Mchinjaji wetu ni Mwislamu, ili watu wa dini zote wale bila wasiwasi. Mnyama anatundikwa ili damu itoke yote.

Ndipo mkaguzi anakuja na kisu chake. Anapasua misuli ya mashavu, ulimi na moyo, akitafuta viini vya tegu. Anapasua ini kutazama minyoo. Anapapasa mapafu na kukata tezi, akitafuta kifua kikuu. Akiridhika, anagonga muhuri. Akikuta ini bovu, anaamuru lifukiwe. Mara ya kwanza tulipofukia ini zima, nusura tulie. Sasa tumezoea. Ini bovu likifukiwa, hasara ni ya siku moja. Likiuzwa, hasara ni ya miaka.

BIBI ALIYESOMA MIZANI

Sasa tuwaeleze jambo la aibu. Lilitokea mwezi wa pili wa kazi yetu.

Mizani yetu ni ya sindano. Tulikuwa tumeiweka ikitutazama sisi wauzaji. Mteja aliona mgongo wake tu. Hatukuwa na nia mbaya. Ndivyo tulivyoona wengine wakifanya.

Siku moja akaja bibi mmoja wa kijijini, mwanafunzi wa kisomo. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Akaagiza kilo moja. Kisha akasema, "Geuzeni hiyo saa yenu na mimi niione." Tukaigeuza. Akasogea karibu, akatazama sana. Sahani ilikuwa tupu bado. Akasema, "Wajukuu zangu, mbona sindano haijaanza kwenye sifuri? Mimi mwalimu amenifundisha, mstari huu ni mia moja."

Tulitazama. Ni kweli. Mafuta na damu vilikuwa vimegandia chini ya sahani, na mizani haikurekebishwa. Kila tulipouza kilo moja, tuliuza gramu 900. Tulimwibia kila mteja gramu 100, bila kujua. Na mteja angejuaje, wakati uso wa mizani umemgeukia muuzaji?

Tulisimamisha kazi. Tuliosha sahani, tukarekebisha sindano, tukamwita fundi anayetambuliwa na wakala aikague. Siku ya mnada tulisimama mbele ya watu tukasema ukweli. Wengine walicheka, wengine walitukana kidogo. Tukaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MTEJA, TAZAMA SINDANO IKO KWENYE SIFURI KABLA NYAMA HAIJAWEKWA. Mizani sasa imekaa pembeni, mteja na muuzaji wanaisoma pamoja. Toka siku hiyo wateja waliongezeka. Tulidhani ukweli utatufukuzia wateja, kumbe uliwaleta.

HESABU YA NG'OMBE MMOJA

Wengi huuliza, "Bucha ina faida?" Jibu liko kwenye daftari. Tuchukue mfano. Bei za kwenu zinaweza kuwa nyingine, lakini njia ya kuhesabu ni hii hii.

Tuseme ng'ombe amenunuliwa kwa shilingi 900,000. Kumfikisha ni 20,000. Ushuru, kuchinja na kukagua ni 25,000. Ujira ni 30,000. Chumba, maji na umeme ni 10,000. Sabuni na vitu vidogo ni 5,000. Jumla ya gharama ni shilingi 990,000.

Ng'ombe wa kilo 250 akiwa hai hatoi nyama kilo 250. Ukiondoa ngozi, kichwa, miguu, utumbo na damu, hubaki karibu nusu. Tuseme tumetundika kilo 120. Nyama nayo hupungua ikikauka na ikikatwa. Tuseme zinazofika kwenye mizani ni kilo 116. Tukiuza kila kilo kwa 9,000, tunapata 1,044,000. Kichwa, miguu, utumbo, maini na ngozi vikitupa 90,000, jumla ya mauzo ni 1,134,000. Toa gharama. Faida ni shilingi 144,000.

Ni faida nzuri. Lakini sikilizeni inavyopotea. Wateja 100 wamekuja, na kila mmoja ameomba nyongeza. Umemwongezea kipande kidogo cha gramu 50. Gramu 50 mara 100 ni kilo 5. Hizo ni shilingi 45,000. Kisha jamaa na marafiki wamekopa kilo 10, nao hawajalipa. Hizo ni shilingi 90,000. Jumla ni 135,000. Sasa toa katika ile faida yetu. Kimebaki kiasi gani? Shilingi 9,000. Bei ya kilo moja! Mmeswaga, mmechinja, mmekata, mmesimama kutwa, faida yenu ni kilo moja.

Sisi tulipita hapo hapo. Mwaka wa kwanza tulikopesha kila mtu. Shemeji, jirani, mjumbe, wote walisema, "Niandikieni, nitalipa." Tuliandika mpaka daftari likajaa. Mwisho sisi wenyewe tukawa na deni la shilingi 180,000 kwa mtu aliyetuuzia ng'ombe mnadani. Likumbukeni deni hilo. Tutalirudia.

KUKU WANA MEZA YAO

Siku zisizo za mnada tunauza kuku. Kuku wa kienyeji tunawauza wakiwa hai, maana wateja wetu wanapenda kumchagua wenyewe. Kuku wa nyama wa kisasa tunawachinja, tunawauza kwa kilo. Kuku wa kilo 2 akiwa hai hutoa nyama kilo moja na nusu hivi, au pungufu kidogo. Msipolijua hilo, mtapanga bei ya hasara.

Maji ya kunyonyolea yawe ya moto, lakini yasichemke. Maji yanayochemka hupika ngozi, nayo inachanika. Kutoa matumbo kufanyike polepole. Nyongo ikipasuka nyama inakuwa chungu, na utumbo ukipasuka nyama inachafuka. Kisha kuku aoshwe kwa maji safi na apoe upesi.

Tena kuku wana meza yao, kisu chao na ubao wao. Matumbo ya kuku huwa na vijidudu vinavyoitwa salmonela. Vinaleta kuhara, kutapika na homa. Kisu kilichokata kuku kikikata nyama ya ng'ombe bila kuoshwa, kimevihamisha. Visu vyetu vya kuku tumevifunga utepe mwekundu kwenye mpini.

Wala usichinje kuku wanaougua ili kuokoa fedha. Mdondo ukiingia bandani, wenye tamaa hukimbilia bucha. Sisi tunawaambia, "Mwiteni kwanza afisa mifugo."

BARIDI NA MUDA

Mwalimu wetu alitufundisha hesabu ya vijidudu. Kwenye joto, kijidudu kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Baada ya saa moja ni 8. Baada ya saa mbili ni 64. Baada ya saa nne ni 4,096. Hicho ni kimoja tu. Je, kama nzi mmoja ameleta elfu?

Ndiyo sababu tunachinja alfajiri. Nyama inayobaki mchana inaingia kwenye jokofu, baridi yake isizidi nyuzi 4. Ya kukaa siku nyingi inaingia kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Tumenunua kipimajoto, na tunaandika namba asubuhi na jioni. Nyama ya moto isirundikwe ndani, maana ya katikati haipoi. Nyama iliyoyeyuka isigandishwe tena. Umeme ukikatika, msifungue friza kila mara kutazama. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hukaa na baridi yake kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja.

Kama hamna umeme, chinjeni mnyama mdogo anayekwisha siku ile ile. Hakuna aibu.

USIKU WA NG'OMBE ALIYEKUFA

Sasa turudi kwenye lile deni la 180,000. Lilikuwa linatunyima usingizi. Mwenye fedha alisema akifika mnadani kesho asilipwe, atatushtaki.

Usiku huo tulikuwa tumekaa ndani ya bucha tukifikiri la kufanya. Mara tukasikia hodi. Alikuwa mzee mmoja wa heshima, baba mkwe wa mwenyekiti wetu. Yeye ndiye aliyetupa kiwanja cha kujengea bucha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, wanangu. Ng'ombe wangu ameanguka jioni hii. Asubuhi alikuwa mzima kabisa. Nipeni laki mbili, mchukueni sasa hivi. Kesho ni mnada."

Ng'ombe wa laki tisa kwa laki mbili! Tukitoa hata zile fedha za akiba tulizobakiwa nazo, kesho tungelipa deni lote na kubaki na faida. Kila mmoja alipiga hesabu hiyo kichwani. Mwenyekiti wetu alitazama chini. Mnajua wenyewe ilivyo. Baba mkwe hakatazwi jambo mbele ya watu.

Mwenzetu mmoja akasema, "Nyama ikichemshwa sana haina neno." Mwingine akauliza, "Muhuri ataupiga nani?"

Ndipo mama katibu akafungua daftari ukurasa wa kwanza. Akasoma polepole, kwa kidole, kanuni tuliyoiandika siku ya kwanza: "Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi haiingii ndani ya bucha hii." Chini yake kulikuwa na sahihi zetu wanane.

Mwenyekiti akainua kichwa. "Baba, utusamehe. Kukuheshimu tunakuheshimu. Lakini tuliandika, tukatia sahihi."

Mzee akasema, "Mimi nimewapa kiwanja. Karatasi imewapa nini?" Akaondoka bila kuaga.

Tulimpigia simu afisa mifugo usiku ule ule. Asubuhi alikuta mzoga umevimba, haujakakamaa. Damu nyeusi isiyoganda ilikuwa inatoka puani na sehemu ya nyuma. Mjukuu wa mzee alikuwa ameshaanza kuchuna mguu mmoja. Afisa akamzuia. Akatuambia, "Mzoga wa namna hii haupasuliwi. Nashuku kimeta." Vijidudu vya kimeta vikipata hewa hujifunika ganda gumu, vikakaa udongoni miaka mingi. Kuchemsha kwa sufuria ya nyumbani si kinga ya kutegemea, na mchunaji anaambukizwa kabla hata ya kupika. Alichukua kipimo, mzoga ukachomwa moto na kufukiwa shimo refu.

Baada ya siku chache yule kijana alitoka kidonda mkononi. Hakikumuuma, lakini katikati kilikuwa cheusi. Kwa kuwa afisa alikuwa ameshamwonya, alikwenda hospitali siku hiyo hiyo. Alipewa dawa akapona. Jibu la maabara likaja: kimeta. Ng'ombe wa mzee waliobaki, na wa majirani, wakachanjwa.

Je, fikirini kama tungemuuza ng'ombe yule kwa watu 100 siku ya mnada.

Deni tulililipa kwa shida. Mwenyekiti alimwomba mwenye fedha wiki sita, na kila mmoja wetu alileta kuku, mahindi au chochote alichokuwa nacho. Ndipo tukaandika kanuni ya pili: hatukopeshi nyama, hata kwa ndugu. Deni ndilo lililotufanya tuitazame ile nyama mara mbili. Mwenye deni ni mwepesi kushawishika.

Yule mzee alikaa miezi mitatu bila kusema nasi. Mke wa mwenyekiti aliumia sana katikati ya baba na mume. Kisha siku moja ya mnada tukamwona amesimama foleni kama watu wengine. Alipofika mbele aliagiza nusu kilo. Akatazama mizani. "Iko kwenye sifuri?" akauliza.

"Iko kwenye sifuri, baba."

Akalipa, akapokea nyama yake, akatuaga vizuri.

TUNAWAACHIA MASWALI

Ndugu zetu, hatukumjibu mzee usiku ule alipouliza karatasi imetupa nini. Leo tunaweza kujibu. Karatasi ilitupa jambo la kushikilia wakati mioyo yetu ilipotaka kuanguka. Bei hubadilika, ng'ombe hukonda na kunenepa, umeme hukatika. Lakini muhuri ni muhuri, sifuri ni sifuri, na kilichoandikwa kimeandikwa.

Tunaomba mkirudi darasani mjadiliane maswali haya. Kijijini kwenu watu wangapi wananunua nyama, na siku gani? Mizani ya muuzaji wenu inamtazama nani? Na kama ng'ombe wa baba mkwe akifa usiku, mtasema nini?

Ukipita Kongwa siku ya mnada, karibu. Tutakupimia, nawe utasoma mwenyewe.